Majina ya Mabara na Watu Walioyatoa

Mtoto akizaliwa kwetu hupewa jina na wazee wake. Babu hutaja jina la ndugu yake aliyefariki, au nyanya hukumbuka mvua, au njaa, au safari iliyokuwako siku ile, na mtoto hulichukua jina hilo maisha yake yote. Lakini mara nyingi hutokea ya kuwa majirani, ambao hawakushauriwa, humpa jina la utani, na jina lile likaenea hata lile la wazee likasahauliwa. Basi mabara ya dunia yamepata majina yao kwa njia hii ya pili. Hakuna bara hata moja ambalo wenyeji wake wote walikutana wakashauriana, wakasema, "Nchi yetu yote, toka bahari hata bahari, tuiite hivi." Majina yalitolewa na majirani, na mabaharia waliopita, na washindi wa vita, na wachoraji wa ramani waliokaa vyumbani mwao, mbali sana na nchi walizoziandika.

Kwa sababu hiyo wako watu wanaosema ya kuwa majina haya hayafai. Husema, "Tuyaache yote, tutunge mengine mapya yasiyompendelea mtu wala kumdharau mtu." Shauri hili si jipya, limejaribiwa mara kadhaa katika historia, na watu wenye elimu nyingi. Katika mazungumzo haya tutaeleza jinsi majina ya mabara yalivyopatikana, na jinsi majaribio ya kuyabadili yalivyokwenda, kisha tutajaribu kulijibu swali hili: Je, yawezekana kutunga jina la bara lisiloelemea upande wowote?

Lakini kabla hatujawashtaki wengine, tuanze nyumbani kwetu, katika Kiswahili.

Neno "bara" lenyewe limetoka katika neno la Kiarabu, barr, maana yake nchi kavu. Kwa mtu wa Unguja au Lamu au Mafia, bara ni kule ng'ambo ya maji. Kwa mtu wa Bagamoyo au Pangani, bara ni kule misafara ya pembe ilikotoka. Aliyekaa Tabora au Ujiji hakuwa na haja ya kusema kwamba yuko bara, ila alipozungumza na mtu wa pwani. Kwa hiyo neno hili latuonyesha mara moja msemaji wa kwanza alikuwa amesimama wapi: alikuwa amesimama ufukoni, au ndani ya chombo, akiitazama nchi.

Ndivyo ilivyo kwa neno "Ulaya". Asili yake ni neno la Kiarabu wilaya, yaani nchi iliyo chini ya mtawala. Ni neno lile lile tunalolitumia kwa mgawanyo wa nchi zetu katika wilaya. Huko Bara Hindi pia neno hilo, katika umbo la vilayat, lilitumika kwa nchi ya ng'ambo, hasa Uingereza. Watu wa Ulaya wenyewe hawajiiti hivyo hata kidogo, wala hawakuulizwa. Kadhalika wazee wetu waliita nchi za Uarabuni, hasa pande za Maskati, kwa jina la Manga, na mpaka leo twasema pilipili manga na njiwa manga, kwa vile vitu hivi vilihesabiwa kuwa vimeletwa na vyombo vya huko. Basi hata sisi tumekuwa watoaji wa majina, na tumewapa wengine majina kwa kadiri ya mahali tuliposimama na bidhaa tulizozipokea.

Sasa twende Uyunani, kwa kuwa majina matatu ya kale ya mabara yametupitia huko. Wayunani walikaa kandokando ya bahari iliyo kati ya nchi tatu. Upande mmoja waliuita Europa, upande wa mashariki Asia, na upande wa kusini Libya. Jina hili la Libya kwao lilikuwa la bara letu zima, kwa kadiri walivyolijua. Katika karne ya tano kabla ya Kristo alikuwako mwandishi wa historia aitwaye Herodotus, mzaliwa wa Halicarnassus, mji ulioko katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mtu huyu alisafiri sana, akafika hata Misri, na katika kitabu chake aliandika kwamba hajui kwa nini dunia iliyo moja imepewa majina matatu, tena yote ya wanawake. Alisema zaidi ya kuwa Europa, yule mwanamke wa hadithi, alitoka Tiro katika Asia, wala hakufika kamwe katika nchi iliyopewa jina lake.

Tena Herodotus aliona kosa katika mipaka. Wenzake wengine walisema kwamba mpaka wa Asia na Libya ni mto Naili. Naye akawacheka, kwa kuwa ikiwa ndivyo, mtu wa Misri akivuka mto kwa mtumbwi kwenda shambani kwake amehama bara moja akaingia jingine. Lakini baada ya kusema hayo yote, Herodotus alimaliza kwa kusema kwamba yeye atayatumia majina yale yale, kwa kuwa ndiyo yaliyozoeleka. Twaomba msomaji alikumbuke neno hili, kwa maana tutalirudia.

Mpaka wa Ulaya na Asia nao ulisumbua watu kwa muda mrefu. Wayunani waliuweka kwenye mto uitwao leo Don, katika Urusi. Mwaka wa 1730 askari mmoja wa Sweden, jina lake Strahlenberg, ambaye alikuwa amechukuliwa mateka na Warusi akakaa miaka mingi Siberia, alichapa kitabu na ramani, akauhamisha mpaka ule hata milima ya Ural. Huo ndio unaofundishwa shuleni hata leo. Ikiwa ni hivyo, basi nchi kubwa ilihamishwa kutoka bara moja hata bara jingine kwa kalamu tu, na hakuna jiwe hata moja lililosogea.

Baada ya Wayunani walikuja Warumi, na hawa walikuwa watu wa vita na serikali. Mwaka wa 146 kabla ya Kristo waliuangamiza mji wa Kartago, karibu na mahali ulipo leo mji wa Tunis, wakaifanya nchi ile kuwa jimbo lao. Watu wa pande zile waliitwa na Warumi Afri, na jimbo lenyewe likaitwa Africa. Lilikuwa jimbo dogo, si bara. Waarabu walipoitwaa nchi ile katika karne ya saba baada ya Kristo, waliiita Ifrikiya, nao pia walikuwa na maana ya nchi ile ya Tunis na jirani zake. Jina hilo likakua polepole, kama doa la mafuta linavyoenea katika nguo, hata likafika Rasi ya Tumaini Jema, kwa watu ambao hawakupata kuwasikia Warumi wala Kartago.

Asia nayo ilikuwa hivyo hivyo. Warumi walikuwa na jimbo lililoitwa Asia, upande wa magharibi wa nchi ya Uturuki ya leo. Wanafunzi wanaosoma Agano Jipya huenda wamestaajabu kuona katika Matendo ya Mitume ya kwamba Paulo alikatazwa kuhubiri Asia, na hali amekwisha kuwa Asia siku nyingi. Au kuona katika Ufunuo kwamba makanisa ya Asia ni saba tu, toka Efeso hata Laodikia. Sababu yake ni hii: Asia inayotajwa pale ni lile jimbo dogo. Leo jina hilo limewafunika Wachina, Wahindi, Wajapani na Waarabu, watu wasiofanana kwa lugha wala dini wala desturi, nao wote wamefanywa kuwa wa bara moja kwa jina la jimbo moja la Kirumi.

Basi sasa tuje kwenye jaribio la kwanza la kutunga majina mapya. Mwaka wa 1561 Mfaransa mmoja mwenye elimu, Guillaume Postel, aliyejua Kiebrania na Kiarabu, alichapa kitabu cha jiografia. Hakupenda majina yale ya wanawake wa hadithi za Wayunani, kwa kuwa yalikuwa ya kipagani na hayakuwa na maana. Alitaka majina ambayo kila mtu aaminiye Maandiko angeyakubali. Akashauri mabara matatu ya kale yaitwe kwa majina ya wana watatu wa Nuhu: Asia kwa jina la Shemu, Ulaya kwa jina la Yafeti, na Afrika kwa jina la Hamu. Machoni pake hayo yalikuwa majina ya haki, kwa kuwa wana hao walikuwa ndugu wa baba mmoja.

Lakini tutazame vema. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, imeandikwa kwamba Nuhu alimlaani Kanaani, mwana wa Hamu. Hakumlaani Hamu mwenyewe. Hata hivyo, katika karne zilizofuata, wenye kuuza na kununua watumwa walilishika jina hilo la Hamu, wakasema ya kuwa watu weusi ni wana wake, na ya kuwa utumwa wao umeandikwa. Neno hilo lilihubiriwa, likachapwa, likaaminiwa na wengi. Basi kama shauri la Postel lingalishika, leo bara letu lingalikuwa likitajwa katika kila ramani kwa jina ambalo wafanya biashara ya watumwa walilitumia kuwa hati yao. Jina lililotungwa ili liwe la haki kwa wote lingalikuwa mnyororo. Hapo twaona hatari ya kwanza: mtu aweza kutunga jina kwa nia njema, na bado likabeba ndani yake hukumu ya watu wa zamani zake.

Bara la Amerika lilipata jina kwa namna nyingine. Christopher Columbus alipofika visiwa vya ng'ambo ya Atlantiki mwaka wa 1492, alidhani amefika pande za Asia, na kwa hiyo akawaita wenyeji Wahindi. Baharia mwingine, Amerigo Vespucci wa Florence, aliandika barua zilizosomwa sana, akisema kwamba nchi zile ni dunia mpya. Barua hizo zilifika katika mji mdogo wa Saint-Dié, katika milima ya mashariki ya Ufaransa ya leo, mbali na bahari. Huko walikuwako wataalamu wachache, na miongoni mwao Matthias Ringmann na Martin Waldseemüller. Mwaka wa 1507 walichapa kitabu kidogo na ramani kubwa ya karatasi 12. Katika kitabu walisema kwamba, kwa kuwa Ulaya na Asia zimepata majina ya wanawake, hawaoni sababu ya mtu kukataa nchi hii mpya iitwe kwa jina la mwanamume aliyeigundua, yaani Americus. Wakaandika America katika ramani.

Jambo la ajabu ni kwamba Waldseemüller, alipochapa ramani nyingine mwaka wa 1513, aliliacha jina lile. Lakini alikuwa amechelewa. Ramani ya kwanza ilikwisha kusambaa, na mwaka wa 1538 mchora ramani mashuhuri Mercator aliliandika jina hilo juu ya nchi zote mbili, ya kaskazini na ya kusini. Padre Bartolomé de las Casas alinung'unika kwamba Columbus ameibiwa heshima yake. Kwa hiyo palikuwa na mabishano kati ya wanaume wawili, yupi anastahili. Wenyeji, ambao nchi ilikuwa yao kwa maelfu ya miaka, hawakuingia katika mabishano hayo. Nakala moja tu ya ramani ile ya 1507 ndiyo iliyosalia. Ilionekana mwaka wa 1901 katika ngome moja ya Ujerumani, na mwaka wa 2003 ilinunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani kwa dola milioni 10.

Jina hilo lilifika kwetu pia, wala halikuja kwa ramani. Mwaka wa 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na vyombo kutoka bandari ya Salem vikawa vikileta Unguja nguo nyeupe ya pamba. Watu wakaiita nguo ile merikani. Ikaenda na misafara mpaka maziwa makuu, ikawa kama fedha ya kununulia chakula na kulipia njia. Wengi waliivaa ambao hawakujua kama kuna nchi yenye jina hilo. Hivyo jina la baharia wa Florence, lililotiwa katika ramani na watu wa milimani wasioiona bahari, liligeuka likawa jina la nguo sokoni Ujiji.

Sasa twende kusini, Australia. Waholanzi walikuwa wakiiita New Holland, yaani Uholanzi Mpya. Kuanzia mwaka wa 1801 mpaka 1803 nahodha Mwingereza, Matthew Flinders, aliizunguka nchi ile kwa merikebu, na pamoja naye alikuwako mwenyeji mmoja aitwaye Bungaree, aliyemsaidia kusema na watu wa pwani. Katika kurudi kwao, Flinders alitia nanga katika kisiwa cha Mauritius, katika bahari yetu hii ya Hindi, naye akashikwa na Wafaransa akazuiwa huko mpaka mwaka wa 1810, kwa sababu ya vita. Alipokuwa kifungoni aliitengeneza ramani yake, akaiandika Australia, maana yake nchi ya kusini. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1814, naye akafa mwezi ule ule. Mwaka wa 1817 gavana Macquarie alilipendekeza jina hilo kwa serikali yake, na mwaka wa 1824 wakuu wa merikebu za Uingereza wakalikubali.

Flinders alipenda jina hilo kwa kuwa halikuwa la Waholanzi wala la Waingereza; lilitaja upande tu. Je, si jina lisilopendelea? Ndiyo, kwa Waholanzi na Waingereza. Lakini "kusini" ni kusini ya nani? Mtu aliyezaliwa pale hayuko kusini; yuko nyumbani. Wenyeji wa nchi ile walikuwa na lugha zaidi ya 250, na kila kabila lilikuwa na majina ya mito yake, na vilima vyake, na visima vyake vya maji. Jina la nchi nzima hawakuwa nalo, wala si kwa upungufu wa akili. Anayehitaji jina la nyumba nzima ni yule anayepita nje. Anayekaa ndani hutaja chumba na ua. Ndivyo ilivyokuwa kwetu pia. Mnyamwezi, Mkikuyu na Mganda walikuwa na majina ya nchi zao. Hawakuwa na jina la kitu kizima kutoka Tunis hata Rasi, kwa sababu hakuna aliyekizunguka.

Hata bara la barafu lililoko chini kabisa ya dunia, ambako hakuna wenyeji, halikupata jina lake lenyewe. Antarctica maana yake ni nchi inayoelekeana na Aktiki; na Aktiki ni jina la kaskazini, lililotoka katika neno la Kiyunani la dubu, kwa ajili ya nyota za dubu zinazoonekana upande huo. Kwa hiyo nchi isiyo na dubu hata mmoja yajulikana kuwa ni mkabala wa dubu.

Huenda mtu atasema, "Tuwaachie wenye elimu ya miamba, kwa kuwa mawe hayana kabila." Wao pia wamejaribu. Mwaka wa 1864 Mwingereza Philip Sclater aliona kwamba wanyama wa Madagaska waitwao lemuri, jamaa za komba wetu, wanafanana na wanyama fulani wa Bara Hindi. Akadhani palikuwa na nchi kubwa iliyozama baharini, akaiita Lemuria. Baadaye ikajulikana kwamba nchi hiyo haikuwako. Mwaka wa 1885 Eduard Suess wa Austria aliandika juu ya bara la kale lililoziunganisha nchi za kusini, akaliita Gondwana. Na jina hilo ni la nchi ya Wagondi, watu wa misitu ya katikati ya Bara Hindi. Kisha Mjerumani Alfred Wegener akafundisha, tangu mwaka wa 1912, kwamba mabara yote yalikuwa kitu kimoja, na nchi ile moja ikaitwa Pangaea, yaani nchi yote kwa Kiyunani. Mwaka wa 1937 Alexander du Toit wa Afrika ya Kusini aliandika juu ya nusu ya kaskazini kwa jina la Laurasia, lililoungwa kwa jina la mto Saint Lawrence wa Kanada na jina la Asia. Basi hata mabara ya zamani za kale, ambayo hakuna mwanadamu aliyeyakanyaga, yamepewa majina ya misitu na mito ya watu fulani. Mawe hayana kabila, lakini anayeyataja anayo lugha.

Imebaki njia moja, nayo ni kuacha maneno kabisa. Umoja wa Mataifa, katika hesabu zake, huandika sehemu za dunia kwa tarakimu: Afrika ni 002, Oseania ni 009, Amerika yote ni 019, Asia ni 142, na Ulaya ni 150. Hapo kweli hakuna upendeleo. Tarakimu haina babu wala dini wala vita. Kwa makarani jambo hili ni jema. Lakini ni nani atakayeimba kwa ajili ya 002? Ni mama gani atakayemwambia mwanawe aliye safarini, "Usisahau kwamba wewe ni mtoto wa 002"? Wafungwa hupewa namba, na magunia ya forodhani hupewa namba. Jina lisilo na upande wowote limepatikana, na mara tulipolipata tukaona kwamba hakuna awezaye kuishi ndani yake.

Basi tumekwama? Hasha. Tutazame mambo mawili ya siku za karibu.

La kwanza ni la Amerika. Katika Panama, kwenye visiwa na pwani ya bahari ya Karibi, wanakaa watu waitwao Waguna. Katika lugha yao nchi yote huitwa Abya Yala, na hufasiriwa kuwa nchi iliyokomaa. Katika karne ya 20 kiongozi mmoja wa Waaymara wa Bolivia, Takir Mamani, aliwashauri wenyeji wa makabila mengine walitumie jina hilo mahali pa Amerika. Wakalipokea, na katika mkutano wao mkubwa uliofanyika Quito mwaka wa 2004 walijiita watu wa Abya Yala. Jina hilo si la wote kwa asili. Ni la Waguna, kabila dogo. Lakini wengine walilichukua kwa hiari, kama wageni wanavyokula chakula cha mwenyeji mmoja kwa niaba ya wote.

La pili ni la New Zealand. Wenye elimu ya miamba wamegundua ya kuwa visiwa vile ni vilele vya bara zima lililozama, lenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu milioni 5, na sehemu 94 katika kila 100 ziko chini ya maji. Mwaka wa 1995 Bruce Luyendyk wa Marekani aliliita Zealandia. Lakini wataalamu wa New Zealand wameliandika pamoja na jina la Kimaori, Te Riu-a-Māui, yaani milima na mabonde na nyanda za Māui, shujaa wa wahenga wao. Hapo jina la mgeni na jina la mwenyeji yameandikwa katika ramani moja.

Mambo haya yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba kosa halikuwa ya kuwa majina yametoka mahali fulani, kwa maana kila jina hutoka mahali fulani. Kosa lilikuwa kwamba wenyeji hawakuulizwa. Na dawa yake si kutafuta neno lisilo na asili, bali ni wenye nchi kukaa na jina lililoko, wakalikubali au wakalikataa wao wenyewe.

Na hilo bara letu limekwisha kulifanya. Mwaka wa 1897 mwalimu Enoch Sontonga, huko Afrika ya Kusini, alitunga wimbo wa kuiombea Afrika baraka. Na mwaka wa 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, iliuchukua wimbo huo kwa maneno ya Kiswahili, Mungu Ibariki Afrika. Mwaka wa 1963 wakuu wa nchi huru 32 walikutana Addis Ababa wakaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mwaka wa 2002 ukaja Umoja wa Afrika mahali pake. Hakuna aliyewalazimisha kulitumia jina la jimbo la Warumi. Walilitwaa, wakalifanya lao, wakalitia maana ambayo Mrumi hakuijua.

Tena tusisahau jina lililo karibu zaidi na midomo yetu. Neno "Swahili" latoka katika Kiarabu sawahil, yaani pwani. Mabaharia waliolitoa walikuwa wakipita na pepo za kaskazi na kusi, wakihitaji neno la kuzitaja nchi walizoziona kandokando. Leo ni jina la lugha inayosemwa mpaka Kongo, mahali ambapo bahari haionekani. Hatujasikia mtu akisema tulitupe kwa kuwa si letu.

Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa, "Nani aliyeliita bara letu Afrika?" ajibu kwa ukweli: waliolianzisha ni Warumi, baada ya kuuteketeza mji wa watu. Asilifiche neno hilo. Na akiulizwa, "Mbona basi mnalitumia?" ajibu kama alivyojibu Herodotus, kwamba ndilo lililozoeleka, kisha aongeze jambo ambalo Herodotus hakulisema, ya kwamba sisi wenyewe tumelichagua.